Gari Jeupe la Masanja

Siku yangu ya kwanza gereji, pale Kambarage mjini Shinyanga, msimamizi hakunipa spana. Alinipeleka kwenye gari lililoletwa kuuzwa, akaniambia nishike boneti.

"Lina moto?"

Nikasema linao.

"Basi limewashwa mapema ili ugonjwa wake usijulikane. Tutalirudia likipoa."

Nilipohamia Geita, karakana ya magari madogo mgodini, mkuu wa karakana aliniongezea mengine. Tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, ikichoka hutoa moshi wa bluu. Inua zulia la buti utafute mshono wa kuchomelea, kwa sababu wapo wanaokata magari mawili mabovu na kuyaunga yakawa moja. "Anayenunua rangi," alikuwa akifoka, "akapake ukuta!"

Sasa nimestaafu, naishi Kalangalala, hapa hapa Geita, na kutulia sijaweza. Gari likipita kwa kasi naacha chakula nisikilize. Mwezi uliopita alikuja jirani yangu Masanja, mchimbaji. Duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, lilikuwa limetema dhahabu, na yeye na wenzake wana imani yao: kitu cha bahati hununuliwa siku hiyo hiyo, bila kuchokonolewa, la sivyo duara linafunga. Alikuwa ameshanunua gari jeupe la mbio. Mkewe na mapacha wao walikaa kiti cha nyuma, tayari kwa safari ya ukweni Tinde.

"Shikamoo, Baba Neema. Libariki tu, tuondoke."

"Marahaba. Fungua buti."

"Usichokonoe, mzee wangu!"

Nikafungua mwenyewe. Chini ya zulia mshono ulikatiza sakafu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Masanja, haya ni magari mawili. Usipakie watoto humu."

"Kwani wewe ulimkagua mkeo kabla ya kumwoa?"

"Nilimkagua. Na yeye alinikagua."

Alicheka. Mama Kulwa hakucheka. Alishuka, akautazama ule mshono, akawashusha Kulwa na Doto. "Tangulia, baba. Sisi tutakuja kesho na basi."

Masanja akaondoka kwa hasira, matairi yakilia. Kutwa nzima sikukaa. Nilizunguka uani, nikafungua redio, nikaizima.

Jioni akapiga simu. Alikuwa amekaribia Tinde.

"Lori limenigusa kwa nyuma, Baba Neema. Kugusa tu. Mimi mzima." Kisha akaongeza: "Buti limeingia ndani. Kile kiti cha nyuma hakipo."

Vijana huniuliza kwa nini mstaafu bado ananusa magari ya watu. Jioni ile ya simu, Mama Kulwa alikuwa barazani kwangu, mapacha wakigombania muwa. Nilimpa simu, nikaenda kuwakatia watoto muwa mwingine, maana nilitaka waendelee kupiga kelele.