Wimbo Uliobaki Ndani ya Skrini Nyeusi

Mama ni mwalimu wa kwaya ya Kimoraviani hapa Tabora, na kwa miaka mingi amefundisha nyimbo za watu wengine. Mwaka huo alitunga wa kwake. Aliuandika kwa nota za solfa kwenye kompyuta yake ya mkononi, sauti zote nne, na jioni ile wanakwaya walikuwa wakutane kanisani Chemchem kuujifunza. Nakala nyingine haikuwepo. Flashi hazitaki, moja iliwahi kumletea virusi kutoka duka la kuchapishia la Isevya, na tangu hapo huziona kama mswaki, haziazimwi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka, na mimi nilikuwa nyumbani baada ya chuo, kazi sina, maoni ninayo. Nilimshauri tuweke Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta. Aliuliza kama faili zake zitabaki. Nikasema zitabaki, na kweli zilibaki. Kufikia mchana mfumo mpya ulikuwa umekaa vizuri, ila maandishi yalikuwa yakitetemeka na picha kukatikakatika, kwa hiyo nikaanza kuweka programu ya kuendesha kadi ya picha, nikitumia bando la simu.

Ndipo radi ilipopiga.

Kwetu radi ikipiga, mama huchomoa kila waya, kisha hufunika kila kinachong'aa: kioo cha kabati, televisheni, hata sufuria mpya. Nimebishana naye tangu sekondari. Kuchomoa waya nakubali, lakini radi ina shida gani na sufuria? Nani aliwahi kupima?

"Wewe uliza," alisema, tayari ameshika chaja. "Mimi nafunika."

Betri ya kompyuta ile haikai hata dakika. Ilizimika katikati ya kazi, naye akaitandikia kanga.

Mvua ilipolegea aliniruhusu kuichomeka tena, kwa sharti kanga ibaki palepale, maana bado kulikuwa kunamulika upande wa Kwihara. Nikaingiza kichwa chini ya kanga, nikawasha. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Mama aliuliza huko ndani kuna nini, nikamwambia bado nachunguza. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba sauti ya kwanza anayo kichwani, ya pili labda, besi hana.

Niliwasha tochi ya simu nitafute kitufe, na mwanga ukapita juu ya skrini kwa mshazari. Nikaona kitu, hafifu kama chaki kwenye ubao uliofutwa vibaya. Zilikuwa faili zake, zimejipanga. Mfumo ulikuwa hai. Kilichokosekana ni taa ya nyuma ya skrini tu. Programu iliyokatishwa njiani haikujua kuiwasha.

Nilitaka kuanza kutengeneza papo hapo. Mama akanizuia.

"Ukitengeneza, unaweza kuharibu?"

Nilifikiri. "Ninaweza."

"Basi kwanza tuutoe wimbo, baba."

Akaingia naye chini ya kanga na karatasi na kalamu. Tulikaa pale kama watu wanaojifukiza mafua, mimi nikifungua faili ya wimbo na kusogeza tochi, yeye akiimba besi chinichini na kunakili. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho. Akachukua mwavuli, akaondoka.

Nilibaki peke yangu, bila haraka tena. Niliwasha upya, nikaisimamisha mwanzoni kabisa, na kwenye mstari wa kuwashia nikaongeza neno moja, nomodeset, ambalo huuambia mfumo uiache kadi ya picha kwanza. Skrini ikawaka. Kila kitu kilikuwa kikubwa mno na kibaya, lakini chenye mwanga. Nikamalizia kuweka ile programu, nikaondoa neno langu, nikawasha tena. Maandishi yakatulia.

Mama aliporudi alisema wameupenda wimbo, ila kuna mahali katika mstari wa tatu besi ilimshtua. Hakukumbuka kuitunga hivyo. Tukafungua faili tulinganishe na karatasi. Nota moja aliinakili vibaya kule gizani. Nikasema si tatizo, wiki ijayo atawarekebisha.

Aliimba ya kwenye kompyuta, akaimba ya kwenye karatasi, akarudia zote mbili polepole huku miguu ikiwa bado na matope.

"Badilisha hiyo ya kwenye kompyuta," alisema.