Maoni Hayahami

Walimwita Mama Pindo kwa sababu hapakuwa na suruali ndefu mtaani ambayo hakuipunguza. Cherehani yake ilimsomesha mtoto wake wa pekee hadi akawa mkunga, na mkunga huyo, alipopangiwa kazi mji wa mbali, akafungua jarida mtandaoni. Humo aliandika habari za wodi: pacha waliozaliwa kama wanaogombania mlango, baba mtarajiwa aliyezimia kabla mkewe hajapiga hata kelele. Watu wengi walimsoma. Na chini ya kila andiko, katikati ya sifa za wageni, mama yake naye aliweka maoni.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula, mama. Usiniaibishe mbele za watu."

Ndivyo walivyozungumza, hadharani, kama majirani wanaoitana kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha homa ikamchukua binti ghafla. Kwa nini, Mungu ndiye ajuaye. Kaburi halijaota hata jani, ikaja taarifa: jukwaa la mtandaoni lililobeba jarida lile linafungwa, mwenye maandishi yake ayahamishe.

Mama Pindo akaenda kwa mdogo wake, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Mdogo mtu huyo aliitwa Redio, maana kinywa chake hakikujua kuzimwa.

"Sogea kidogo, dada. Umeniegemea kama mteja wa kopi moja."

Wakafungua akaunti kwenye jukwaa jipya, kwa jina la Mama Pindo, wakabonyeza, wakangoja. Maandishi yakaja yote, na picha zake. Mama Pindo akamshukuru Mungu kwa sauti. Akashuka hadi chini ya andiko la kwanza. Patupu.

"Maneno yetu yako wapi?"

"Maandishi yanahama, maoni hayahami. Wenyewe wameandika hapa."

"Basi tumehamisha vyombo, mdogo wangu, mwenye nyumba tumemwacha kule."

Ikabidi wayaandike upya. Redio alisoma kutoka jukwaa la zamani, Mama Pindo akachapa huku kwa kidole kimoja, taratibu kama anayetunga uzi kwenye sindano. Lakini jukwaa jipya lilimtambua mwenye akaunti tu. Mama Pindo: Umekula? Mama Pindo: Nimekula, mama. Redio akacheka, kisha akamshika mkono.

"Dada, unajiuliza na kujijibu. Watu watasema umerukwa na akili. Tufungue akaunti nyingine kwa jina la mtoto."

"Marehemu tumwombee, tusimsemeshe. Mungu anajua nani alisema nini."

Wakaendelea hivyo, alasiri kwa alasiri, wateja wakipita na kopi zao, hadi andiko la mwisho. Lilikuwa fupi: kichwa kinaniuma, leo nalala mapema. Chini yake Mama Pindo alikuwa ameuliza, "Nipande gari la asubuhi nije?"

Redio akasoma, akaishia hapo.

"Endelea," akasema Mama Pindo.

"Hakuna kuendelea, dada."

Mama Pindo alijua. Asubuhi ile aliketi na mkoba magotini, simu mkononi, akingoja jibu, hadi gari likaondoka. Simu ilipolia, aliyepiga alikuwa mganga mkuu wa hospitali.

Sasa kisanduku cha kujibu kilikuwa wazi mbele yake. Chochote ambacho angeandika humo kingekaa chini ya jina lile lile lililobeba majibu yote ya mwanawe, wala hakuna msomaji ambaye angeona tofauti. Mama Pindo akachapa neno moja: Njoo.



Mama Pindo akalitazama neno lile, midomo ikimcheza kama anayesali. Kisha akalifuta, herufi moja moja, kuanzia mwisho.

"Hakusema hivyo," akasema. "Mwanangu hakuniita."