Sindano Niliyoiacha Ramadhani

Mimi ni mkaidi, nalijua hilo. Binti yangu alipopatikana na sukari akiwa na miaka saba, nilifundishwa kumdunga insulini, nikajiona daktari. Mwaka uliofuata, Ramadhani ikaingia. Hapa Kibokoni watoto huulizana kila asubuhi nani kafunga na nani kobe, anayekula mchana. Wangu akashikilia kufunga, nikamridhia. Sindano nikaziacha. Nilisema moyoni, asiyekula sukari ataipata wapi?

Siku ya pili, adhuhuri, alikuwa anatapika na kuhema kwa nguvu. Nikadhani ni njaa, nikaanza kumkorogea uji. Jirani yetu wa ghorofa ya juu, muuguzi, Mkristo kutoka bara, akamsikia, akashuka. Alinusa pumzi ya mtoto, iliyonuka kama tunda lililoiva mno, akauliza alidungwa lini. Nikamjibu kwa jeuri kwamba amefunga. Hakubishana nami. Alimbeba begani, tukapanda tuktuk mpaka hospitali.

Nilingoja anisute. Wallahi, ningestahili. Mtoto alipokwisha kutundikiwa maji, jirani alinichorea nyuma ya bahasha ya dawa. Alieleza kwamba mtu akiwa tumboni mwa mamake, seli za kongosho huanzia kwenye vijifereji. Baadhi hujitenga na kukusanyika vikundi vikundi, vinavyoitwa vijisiwa, na vimishipa vya damu hupita katikati. Za kushusha sukari, zinazotoa insulini, na za kuipandisha hukaa zimegusana, zikisikilizana. Za binti yangu za kushusha zilikuwa zimeuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe. Za kupandisha zilibaki, na ini liliendelea kumwaga sukari hata tumbo likiwa tupu.

"Hata asipokula, dada, mwili unaitaka insulini," alisema.

Subhanallah! Seli hizo zilijipanga zenyewe ndani ya tumbo langu, bila mkono wa mtu, wala sikupata kushukuru hata siku moja. Nilishukuru siku ile, na nilimshukuru yule mwanamke mpaka akaniambia basi.

Siku ya tatu hospitalini mtoto aliamka anataka kula. Jirani alikuwa amekuja tena, ametoka zamu yake bila kulala. Daktari aliruhusu nimdunge mimi, lakini mtoto alimgeukia jirani, akamwomba amdunge yeye. Iliniuma, na haki alikuwa nayo.

Jirani alinikabidhi sindano. "Mamako sasa anajua," alimwambia.

Mwanangu alinigeukia, akafunua tumbo nimdunge.