Limao Juu ya Kadi za Krismasi

Nilipomaliza darasa la nane, abti yangu, yaani mjomba, ndugu wa mama, naye huniita abti vilevile, alinitoa Eldas akanileta Garissa kwenye duka lake la fotokopi. Alinipa mpaka mwisho wa mwaka nimwonyeshe kwamba naiweza kazi.

"Ukiharibu kazi za watu, abti, mbuzi wanakungoja Eldas," aliniambia.

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka kubaki pale kuliko kitu chochote.

Desemba akaja nesi mmoja, mtu wa bara. Alitaka kadi nane za Krismasi za kupelekea ndugu zake, zilizotengenezwa kwa mkono. Picha alikuwa amezinunua mtandaoni: mistari mitupu ya nyota, mishumaa na mtoto horini. Alisema zinaitwa mihuri ya kidijitali. Muhuri wa kugonga haupo. Unachapisha, unapaka rangi, unakata, unabandika kwenye kadi. Kwa kuwa mimi huchora hina za harusi, abti akanipa kazi hiyo.

"Basi langu ni kesho alfajiri," nesi alisema. "Nitazipitia saa kumi."

Kwa printa ndogo ya wino wa maji nilichapisha picha nne kwa kila karatasi ngumu, karatasi mbili. Nikapaka penseli za rangi bila kuinua kichwa. Lakini rangi zilionekana zimefifia. Hina ikianza kukauka, tunaigusa kwa pamba yenye maji ya limao na sukari ili ikolee. Nikafanya vivyo hivyo. Kama ninavyopita vidole vya bi harusi, nilipita picha ya kwanza hadi ya nane bila kutazama nyuma.

Nilipotazama, wino wote ulikuwa umetambaa. Uso wa mtoto ulikuwa doa jeusi.

Abti alikuwa ameenda kuswali alasiri. Karatasi ngumu zilibaki mbili tu. Nikakumbuka kwamba wino wa mashine ya fotokopi ni unga unaochomwa, haulowi. Nikachapisha picha upya kwenye karatasi nyembamba ili nizinakili, nikatia karatasi ngumu ya kwanza kwenye mashine, ikapita. Ya pili ikakwama. Nikaivuta, ikachanika, nusu ikabaki ndani.

"Haya, mrembo, ziko wapi?"

Nesi alikuwa mlangoni, na abti nyuma yake. Ningeweza kusema stima ilipotea. Wangeniamini wote wawili, maana hupotea kila siku.

"Sema, abti," abti akaniambia. "Au tumlete mtu akusemee?"

"Nimeziharibu," nikasema. "Nilipaka limao."

"Limao?" Nesi aliinua karatasi yenye madoa. "Kwani ni samaki?"

Abti hakucheka. Aliyatazama madoa moja baada ya jingine, kisha akanitazama mimi. Nesi akavuta kiti.

"Paka hizi nne zilizotoka safi nikiona. Zile zingine nichapishie tu kwenye karatasi nyembamba, nitapaka mwenyewe nyumbani."

Nilipaka, penseli ikiteleza kwa jasho. Abti alisimama juu ya kichwa changu mpaka kadi ya nne ilipobandikwa. Nikamchapishia na zile nyingine nne kwa printa. Nesi aliziweka zote katikati ya kitabu, akasema asante, akaondoka.

"Abti?" nikaita.

Alikuwa anatafuta ufunguo mfukoni, amenipa mgongo.

"Toa hiyo karatasi iliyokwama," akasema. "Kesho utafungua duka wewe; utakuta watu wa kunakili fomu wamejaa mlangoni, na mimi naenda Masalani."

Nikafungua ubavu wa mashine. Ilikuwa bado moto. Nikaivuta karatasi polepole, kipande kwa kipande.