Mgeni wa Shaba Mkononi mwa Gaudensia

Gaudensia alikuwa mlinzi katika duka la vitu vya kale, katikati ya London, na kazi yake kubwa ilikuwa kubonyeza kitufe. Mteja akipiga kengele, humtazama kupitia kioo. Akiridhika, hubonyeza na mlango ukafunguka. Kila asubuhi alitoka kwake Barking, pembezoni mwa jiji, na suti nyeusi na viatu vya raba, maana kusimama kutwa juu ya visigino ni adhabu ya bure.

Mwenye duka, mzee Alkesh, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, alizungumza naye Kiswahili wateja wasipokuwepo. Wiki ile kabatini mlikuwa na vinara viwili vya mishumaa kutoka kasri la wafalme wa China, vya shaba, vilivyorembwa kwa rangi za kioo kilichoyeyushwa katikati ya nyuzi nyembamba za shaba. Kila kinara kilikuwa mtu aliyepiga magoti, kifua wazi, nywele za kipilipili, macho yamemtoka, pua nene, sahani ya mshumaa kichwani. Hivyo ndivyo mafundi wa kasri walivyomtengeneza mgeni: mtu wa mbali, wa kuchekesha, aliyekuja kutumikia.

"Huyu ndugu yako, Mama Kelvin," Alkesh alimtania. "Tazama nywele."

"Tazama pua, mzee. Huyo katoka kwenu Gujarat moja kwa moja."

"Basi tugawane. Nywele zako, pua yangu."

"Na magoti?"

"Yako. Yangu yana vyuma."

Mchana wa Alhamisi mtu mwenye helmeti, uso wazi, alipiga kengele akiwa amekumbatia kifurushi. Gaudensia alibonyeza. Kifurushi kilianguka, na mkononi ikabaki nyundo. Mwenzake aliingia nyuma yake na begi.

"Magoti! Wote!" mwenye nyundo aliamuru kwa Kiingereza.

Gaudensia, Mhaya wa Muleba, aliwapigia magoti wakubwa wake tangu utotoni, akiwaamkia. Alishuka mara moja, mgongo wima, mikono mapajani.

"Huyu kazoea," mtu yule akacheka.

Alkesh alibaki amesimama, kashikilia meza. "Siwezi. Goti langu…"

Yule mtu aliona ujeuri tu. Nyundo ilimpata mzee begani, na mfupa ukasikika. Hakuanguka, na hilo lilimkasirisha mpigaji zaidi. Pigo la pili lilitua kwenye goti. Alkesh alianguka kifudifudi, na nyundo ikapanda tena, safari hii juu ya kichwa chake.

Wa pili alikuwa amevunja kabati. Kinara kimoja alikitia begini. Cha pili kilimponyoka, kikabingirika juu ya zulia hadi ubavuni mwa Gaudensia. Alimshika mgeni yule wa shaba kiunoni na kuinuka bila kujishikilia popote. Shaba ilitua kwenye taya la mwenye nyundo, chini kidogo ya helmeti. Vipande vya buluu vilirukia ukutani.

Mwenye begi alitazama mara moja, akatoka mbio. Nje pikipiki iliunguruma na kwenda zake.

Mwenye nyundo alikuwa chini. Gaudensia akampiga mkono ulioshika nyundo mpaka vidole vikaachia. Kisha uso. Kisha uso tena. Hakupiga kelele, alipiga kama mtu anayetwanga, pumzi moja pigo moja.

"Gaude," Alkesh alisema kutoka sakafuni. "Basi."

Kinara kilipanda.

"Gaude! Nipo hai. Sikia sauti yangu, nipo hai. Ukimwua huyu, nitamwambia nini Kelvin?"

"Alikuja kukuua, mzee."

"Hakuniua. Weka chini."

Mkono wake ulibaki hewani. Chini, mtu yule alikoroma, damu ikimjaa kooni, kifua kikapanda na kukwama. Gaudensia alikitupa kinara. Kazi yake ya kwanza London ilikuwa kuhudumia wazee huko Woolwich, na mikono yake haikusubiri aamue: ilimfungua ukanda wa helmeti, ikamgeuza ubavu, ikaingiza vidole kinywani na kutoa meno na mabonge ya damu.

Mtu akavuta pumzi, nzito, ya kukwaruza. Jicho moja lilifunguka, likamwona aliyemwinamia, naye akajaribu kutambaa amkimbie.

"Tulia," Gaudensia alimwambia kwa Kiswahili, akimshikilia kichwa. "Tulia, nimesema."

"Anapumua?" Alkesh aliuliza.

"Anapumua."

"Basi ita ambulensi." Mzee alifumba macho, akauma meno kwa maumivu. "Na uwaambie wagonjwa ni wawili."