Kiti Mbele, Karibu na Dirisha

Mimi si mutu wa kushangazwa na kitu. Nimepanda na kushuka huu muto na mashua zangu mwenyewe, nimeona pesa zikibadilishwa jina na sura, nimeona wakubwa wakikimbia na viatu mukononi. Nilianza na toleka, baiskeli ya kubeba watu, na leo niko na mashua tatu za mizigo na depo ya simenti, bila kalasi nyingi za shule, bila mujomba serikalini. Uliza mutu yeyote hapa Kisangani. Lakini mutu akikokota kiti cha mbao kwenye simenti, krrr, wivu unaniamka tumboni kama njaa ya asubuhi.

Ilikuwa wakati wa uasi. Papa, baba yetu, alikuwa ameshuka Kinshasa na bidhaa zake, vita ikafunga muto nyuma yake, akabaki huko. Mama akasema hatakaa kuombaomba kwa ndugu. Atarudi chuo kikuu kumaliza masomo aliyoyaacha alipoolewa, apate kufundisha. Asubuhi aliuza mikate ya mafuta, halafu tunakwenda kampasi kwa miguu: yeye na Zaina mugongoni, mudogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, na mimi na kiti kichwani. Maana auditoire, ule ukumbi wao mukubwa wa kusomea, ulikuwa umeporwa madawati yote. Kila mwanafunzi alikuja na kiti toka nyumbani, na asiye nacho alisimama.

Nilikiweka mbele kabisa, karibu na dirisha, pale pale mama alipotaka. Kilinuka mafuta ya mikate. Nilikikalia kwanza kidogo, muguu juu ya muguu, nakunja uso kama mutu anayefikiri. Halafu mama ananigusa bega, ananiita papa kama kwetu wanavyoitwa watoto wa kiume.

“Inuka, papa. Enda ukae inje, chini ya dirisha. Usitoke pale hata kwenda kukojoa bila kuniambia.”

“Na Zaina?”

“Zaina anabaki.”

Zaina alibaki, ndiyo. Alikaa sakafuni na kipande cha chaki, anachora viatu vya wanafunzi, na watu wanacheka. Profesa, muzee wa kravati fupi shingoni, alimuita assistante wake, musaidizi wa kufundisha. Mutoto akilia, muzee anasimama: “Bon, assistante wangu hakubali. Turudilie somo.” Ukumbi muzima unapiga makofi. Mimi niliyebeba kiti, hakuna aliyeniuliza jina.

Inje kulikuwa na vijana wa toleka wanangoja wateja. Mumoja, mwenye baiskeli nyekundu, hakuwa mukubwa sana kuliko mimi, na alipenda kunichokoza.

“Wee sentinelle, unachunga ukuta usikimbie?”

“Nangoja mama.”

“Akikuachisha kunyonya, uje nikufundishe kuendesha.”

Nilitaka baiskeli ile, nilitaka chaki, nilitaka mugongo wa mama. Siku moja baiskeli nyekundu ilikuwa imelala njiani peke yake, gurudumu juu, na hakuna kijana wa toleka hata mumoja. Niliwaza tu kwamba leo nitapumzika na matusi yao. Jioni mama alinishika mukono mpaka nyumbani, kwa nguvu, mukono ukauma.

Mwaka ule mama alianguka mitihani, akarudia. Nilizunguka mutaa muzima nikieleza kwamba ni kelele za Zaina, na nilieleza kwa raha.

Zaina sasa ni mwalimu wa chuo hicho hicho. Juzi tulimufanyia karamu kwangu, mbuzi na samaki, gharama yote juu yangu, na nikatania mbele ya wageni: “Huyu alisoma toka kunyonya. Mimi mama alinitupa inje kama mbuzi.”

Mama, ambaye anakaa kwangu, akaweka kijiko chini.

“Nani alikutupa? Waasi walikuwa wanaokota watoto wa urefu wako, wanawapeleka kambini, wanawapa bunduki. Ningekuacha nyumbani na nani? Ndani walinikubalia mutoto wa kunyonya, si muvulana mukubwa. Profesa anafundisha, mimi naangalia ubao, narudisha macho dirishani, natafuta kichwa chako: iko. Naandika mustari moja, naangalia tena: iko. Donc, basi, mitihani ilinikuta na iko, iko tu kichwani.”

“Na mimi, yaya, kaka yangu, nilipewa chaki ili ninyamaze,” Zaina akasema. “Hata leo hadithi ya mama ni lile dirisha. Nani awe na wivu hapa?”

Wageni wakacheka. Mimi nikatoka kuangalia kama nyama imeiva, na ilikuwa imekwisha kuliwa. Nikasimama pale kwa makaa, nikamufikiria yule wa baiskeli nyekundu, ambaye hakuna mutu aliyekuwa anamuangalia.

Chumba nilichomujengea mama kilikuwa na kadirisha kadogo upande wa nyuma. Niliona ndiyo heshima, vumbi ya depo isimufikie. Kesho yake niliita fundi, tukatoboa ukuta wa mbele, unaotazama depo yangu. Dirisha pana, linaanzia magotini. Sasa nikipakiza mizigo naona kitambaa chake cha kichwa pale, na sitoki kwenda popote bila kumuambia. Vioo, nondo, fundi na musaidizi wake, na simenti yangu mwenyewe niliyojiuzia kwa bei ya duka, sikuomba ipunguzwe hata franka: dola mia mbili na kumi na saba.