Kiingereza cha Kugonga Meza

Mwalimu Koti alikuwa mtu wa hovyo, tusizungushane. Koti moja tangu enzi hizo, kola inang'aa kwa jasho, na mdomo usio na breki. Alikodi chumba juu ya duka la matairi, akapanga mabenchi, akajiita mtaalamu wa Kiingereza. Na watu wakaenda! Mtu akijisifu kwa sauti kubwa, hakosi wa kumwamini.

Mmoja wao Dada Pasi. Yeye alikuwa ananyoosha mashuka na mashati ya wageni hotelini, chumba cha chini, hakina hata dirisha, mvuke usoni kutwa nzima, mikono ina alama za moto mpaka kwenye viwiko. Huko juu mapokezi kukatoka nafasi. Kiti cha kuzunguka, feni, hewa! Aliitaka ile kazi mpaka akawa anaiota mchana kweupe. Sharti lilikuwa moja tu: akajieleze kwa Kiingereza mbele ya meneja.

Sasa Kiingereza nacho kina vituko vyake. Anayetenda akiwa mmoja, na si mimi wala wewe, kitenzi kinafungwa herufi esi mkiani. "They work", lakini "she works". Basi, yameisha. Mtu mzima ukielezwa unaelewa. Koti akaligeuza dini. Kila ikifika hiyo esi, darasa zima lipige meza kwa kiganja, pwaa! Eti mkono ukizoea, ulimi utafuata.

"Mama yangu anapika!" anabweka Koti.

"My mother cooks!" Pwaa!

"Wewe wa pasi, unabembeleza mtoto? Gonga!"

"Mwalimu, mkono unauma."

"Kiingereza hakiji kwa kupapaswa, dada yangu. Gonga!"

Akagonga. Nyumbani anagonga, kazini anagonga ubao wa pasi. Mume wake akachoka.

"Mama watoto, unasoma au unaua mende?"

"Cheka tu, baba. Nikikaa mapokezi utanisalimia kwa adabu."

Siku ikafika. Meneja kakaa zake nyuma ya meza, shati jeupe, kikombe cha kahawa kimejaa pomoni.

"Haya dada, mgeni akifika inakuwaje? Kwa Kiingereza."

Akavuta pumzi. "The guest comes..." Pwaa! Kahawa ikaruka. "The driver brings the bag..." Pwaa! Kikombe chali, kahawa yote kifuani kwa meneja. Na Dada Pasi wala hana habari, macho kayakaza ukutani, anaendelea kutwanga. Meneja kakumbatia karatasi zake kama nyumba inaingia maji.

"Inatosha! Wewe, una ugomvi na meza yangu?"

Hapo ndipo akashtuka. Akakitazama kiganja chake kama cha mtu mwingine.

"Samahani bosi. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Kila neno mahali pake. Ila mgeni katoka safari kachoka, umpokee kwa vishindo hivyo? Atalala hapa? Nafasi nampa binti wa jikoni aliyeingia kabla yako." Akavua shati, akamrushia. "Hili likanyooke kabla sijatoka."

Dada Pasi akaliloweka, akapanda mbio kwa Koti. Darasa limejaa.

"Umenikosesha kazi kwa meza zako, mwalimu!" Akamwaga yote, wote wakisikia.

Koti hata hakupepesa macho. "Meneja alisema Kiingereza chako kibovu?"

"Hapana. Alisema kila neno mahali pake, lakini..."

"Mmesikia? Meneja wa hoteli, kwa kinywa chake! Mpigieni makofi mwenzenu!"

Na wale mbumbumbu wakapiga. Wengine wakasimama kabisa. Mama mmoja wa benchi la mbele akamvuta nguo, macho yamejaa wivu.

"Shoga, ulifanyaje mpaka ukafika hapo?"

"Nimefika wapi, nyie? Nimefika wapi?"

Nani amsikie? Koti keshaanza kuwagongesha upya. Dada Pasi akasonya, akashuka ngazi haraka. Doa la kahawa likikaa halitoki, na meneja alikuwa anasubiri shati lake.